Usalama Lushoto: Mwongozo kwa Anayehamia Usambara

Anayeamua kuuza nyumba yake Kimara au Tegeta ili akajenge Lushoto huulizwa na ndugu zake mambo mawili: baridi ataiweza, na je, huko kuna wezi? La kwanza dawa yake ni sweta. La pili hujibiwa haraka mno. Mji mdogo, watu wanasalimiana, usiku kumetulia, basi salama. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halimsaidii mtu anayetaka kujua afunge nini, amuage nani anaposafiri, na apige simu wapi saa nane ya usiku.

Pa kuanzia ni takwimu, mradi zisomwe kwa uangalifu. Jeshi la Polisi hushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kutoa taarifa ya mwaka ya hali ya uhalifu nchini. Humo makosa makubwa hugawanywa mafungu matatu: makosa dhidi ya binadamu, makosa ya kuwania mali, na makosa dhidi ya maadili ya jamii. Ajali za barabarani huhesabiwa peke yake. Njia ya kawaida ya kulinganisha sehemu mbili ni kuhesabu makosa kwa kila watu 100,000, na hapo ndipo mji mdogo unapomchanganya msomaji. Tuseme kata ina watu 5,000 na mwaka huu nyumba mbili zimevunjwa. Kiwango chake ni 40 kwa kila watu 100,000. Mwakani zikivunjwa tatu, kiwango kitapanda hadi 60, na mwenye haraka atatangaza kwamba wizi umeongezeka kwa asilimia 50. Kilichoongezeka ni nyumba moja, pengine kwa sababu ya dirisha moja lililosahauliwa wazi. Takwimu za Mkoa wa Tanga zitazamwe kwa miaka kadhaa mfululizo, tena zisichukuliwe kuwa sura ya Lushoto. Mkoa huo una bandari, una barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, una mpaka wa Horohoro. Hayo yote yana mambo yake.

Isitoshe, kinachohesabiwa ni kile kilichoripotiwa. Kuku walioibwa, karoti zilizong'olewa shambani usiku, mke aliyepigwa, kijana aliyechukua pikipiki ya mjomba wake: mengi ya namna hiyo huishia kwa mwenyekiti wa kitongoji au katika kikao cha ukoo, hayafiki kituoni.

Wengi wanaokimbia jiji wana kumbukumbu za aina nyingine. Januari 2015 uvumi kuhusu genge la vijana liitwalo Panya Road uliwafanya watu wa sehemu nyingi za Dar es Salaam wafunge maduka na kukimbilia majumbani. Septemba 2022 vijana wenye mapanga wakazuka tena, nyumba zikavamiwa, damu ikamwagika. Uvamizi wa namna hiyo unahitaji jiji: vijana wasiojulikana na majirani, vichochoro vya kupotelea, na wanunuzi wa haraka wa simu na televisheni za wizi. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na barabara yake kuu ya lami ni moja, ile inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni, kilomita 33 za kona juu ya kona. Njia nyingine za kushuka mlimani ni nyembamba, za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Televisheni ikionekana imefungwa nyuma ya pikipiki alfajiri, atapatikana wa kuuliza ni ya nani.

Ila kujuana huko kuna upande wa pili. Mji mdogo ukikufahamu, unafahamu pia siku unayosafiri kwenda Dar, siku unayopokea pensheni, na kwamba mbwa wako alikufa mwezi uliopita. Kwa hiyo wa kujihadhari naye zaidi si jambazi wa kutoka mbali. Ni mtu anayeijua ratiba yako.

Wazee wa Usambara wanajua kwamba hatari kubwa zaidi za zamani zilipanda kutoka chini. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi aliyetawala kutoka Vuga, alipofariki mwaka 1862, vita vya urithi viliivunja nchi. Semboja, aliyekaa Mazinde kandokando ya njia ya misafara, alipata nguvu kwa bunduki na biashara ya watumwa. Watu wa vijiji vya juu waliishi kwa hofu miaka mingi. Misafara imekwisha, lakini jiografia haijabadilika. Mombo bado ni mahali ambapo watu wa kila aina hushuka, huuza, huvizia na kuondoka, na anayehamia Lushoto atapita hapo mara nyingi.

Hatua ya kwanza basi, kabla ya kununua kufuli, ni kujulikana. Toka mtaa wako wa zamani na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji. Ukifika, usingoje kuitwa. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji katika wiki ya kwanza, uandikwe kwenye daftari la wakazi, utaje wote mnaoishi nao, akiwemo binti wa kazi na kijana wa shamba. Wenyeviti hao walichaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, na ofisi zao ndizo zinazotambuliwa na polisi. Usimchanganye mwenyekiti na balozi wa nyumba kumi. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, na tangu mageuzi ya vyama vingi ya mwaka 1992 balozi amebaki kuwa kiongozi wa chama. Hata hivyo mheshimu na umwone, kwani mara nyingi ndiye anayejua nani amehamia wapi. Kenya, ambayo iliuiga mfumo huo mwaka 2013 baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, ilifanya hivyo kwa kuona kwamba jirani huona mambo ambayo askari hawezi kuyaona.

Salamu ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Anayejua kusema "onga maundo" asubuhi kwa bibi aliyebeba kuni amejitambulisha kwa nyumba nzima ya bibi huyo. Mgeni anayepita na gari vioo vikiwa juu miezi sita hana wa kumpigia simu geti lake likikutwa wazi.

Uliza pia utaratibu wa ulinzi shirikishi wa eneo lako. Tanzania ina historia ndefu katika jambo hili. Sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoka kuibiwa ng'ombe na kuporwa, na mwaka 1989 sheria ikawatambua na kuwapa uwezo wa kukamata. Baadaye ikaja polisi jamii, na sasa kuna polisi kata, askari aliyepangiwa kata ili ajulikane na watu wake. Tafuta namba yake ya simu, uihifadhi chini ya jina utakaloliona hata ukiwa na usingizi. Ukiombwa mchango wa ulinzi, utoe, tena udai stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi huzaa ugomvi, na ulinzi wa jirani hufa siku jirani wanapoanza kushukiana.

Sasa tuje kwenye simu, maana huko ndiko mkazi wa Lushoto anakoweza kuibiwa na mtu ambaye hajawahi hata kuuona mlima. Ujumbe unaojulikana nchi nzima ni ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mwandishi wake hamjui mtu yeyote. Anarusha maneno hayo kwa namba mamia, akitegemea kwamba miongoni mwao yuko mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kutuma kodi ya nyumba, ada ya mtoto au malipo ya kabichi. Mkulima wa Lukozi anayesubiri namba ya dalali wa Dar es Salaam ndiye hasa anayelengwa. Kinga yake ni kupiga simu na kusikia sauti kabla ya kutuma hata shilingi. Aina nyingine ni ya mtu anayejidai kuwa wa huduma kwa wateja, anayekuomba ubonyeze tarakimu fulani au utaje namba ya siri. Hakuna mtandao unaouliza namba ya siri.

Ujumbe wa kitapeli ukiupata, usiufute kwa hasira. Upeleke kwenda 15040, ndiyo namba iliyotengwa kupokea taarifa za matapeli. Kisha bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usajili kwa alama za vidole ulipokamilishwa Januari 2020, wako walioweka kidole mara mbili au tatu mbele ya wakala wa barabarani bila kujua kwa nini. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Simu ikiibwa, azima ya jirani anayetumia mtandao kama wako, piga 100 ufunge laini na akaunti ya fedha hapohapo. Ili kifaa chenyewe kiweze kutafutwa, unahitaji namba zake za utambulisho, zinazotokea ukibonyeza *#06#. Ziandike leo kwenye karatasi, uiweke nyumbani.

Barabara inastahili hofu zaidi kuliko wezi. Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yaliruhusiwa kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990. Ni nafuu kwa wengi, lakini matokeo yake kwa msafiri wa Lushoto ni kwamba anaweza kushushwa Mombo saa tisa ya usiku, akiwa na mizigo, simu imeisha chaji, na dereva wa gari dogo anamwambia "twende, abiria wawili tu wamebaki." Usipande. Panga safari ufike Mombo mchana, na ukishindwa, lala nyumba ya wageni hadi kupambazuke. Kona za kupanda Soni zina bonde upande mmoja na mwamba upande mwingine. Ukungu hushuka bila taarifa, na wakati wa vuli na masika udongo na mawe huweza kuangukia barabara. Dereva aliyelewa au mwenye usingizi hapati pa kusahihisha kosa lake.

Bodaboda chukua kwenye kijiwe, si anayekufuata akinong'ona. Kijiwe kina mwenyekiti na wenzake wanaomjua. Soma namba ya pikipiki kwa sauti, mwambie mtu kwenye simu kwamba umepanda. Na kofia ngumu si ya trafiki, ni ya kichwa chako.

Kwa wapenda kutembea, Irente, Magamba na njia ya siku kadhaa hadi Mtae ni miongoni mwa mandhari bora nchini. Nenda na mwongozaji aliyeandikishwa katika ofisi inayojulikana mjini, mwenye kitambulisho, na ulipe ofisini upewe risiti. Vijana wanaojitokeza stendi na kudai kwamba ofisi imefungwa leo wapo, na si wote wabaya, lakini huna njia ya kuwatofautisha. Kamera na simu zikae ndani ya begi mnapopita vijijini. Msitu wa Magamba ni hifadhi, unaingiwa kwa kibali, na anayeingia peke yake akiteguka mguu anaweza kulala humo bila mtu kujua.

Nyumbani, jenga kwa kuwaza usiku wa Juni. Taa ya nje yenye mwanga wa kutosha, nyasi zilizokatwa karibu na dirisha, mlango wa nyuma wenye komeo imara kama la mbele. Nondo za madirisha ni desturi, lakini acha angalau dirisha moja la chumba cha kulala lenye nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo wake ukae mahali ambapo mtoto anaufikia. Moto ukiwaka, namba ya Zimamoto ni 114.

Hapa kuna hatari moja ambayo mtu wa pwani haijui, kwa kuwa kwao hakuna anayelala na jiko. Baridi ya Juni hadi Agosti huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani. Mlinzi hujifungia nalo kwenye kibanda chake, akaziba tundu la mlango kwa gunia. Mkaa unaowaka taratibu hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana. Kichwa huanza kuuma, usingizi huwa mzito, na mtu haamki. Ukimwajiri mlinzi Lushoto, mnunulie koti zito, blanketi na chupa ya chai, na umkataze jiko ndani ya kibanda kilichofungwa. Sheria hiyohiyo iwe ya watoto wako.

Shambani na sokoni kuna wizi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa usiku: viazi, karoti, pilipili hoho zilizokaribia kuvunwa. Huzuiwa na majirani wa shamba wanaolala zamu, na kwa kuvuna bila kuchelewa. Wa pili hufanyika mchana kweupe, mbele ya watu, nao ni lumbesa. Gunia hujazwa, kisha hushonewa kilemba juu yake, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza ufungaji huo, na kikomo kilichowekwa ni kilo 100. Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuusimamia. Wakulima wa milimani wamepoteza kwa lumbesa jasho ambalo hakuna mwizi wa usiku angeweza kulibeba, na ni haki kuuita wizi. Uza kwa mizani, hata kama dalali atanuna.

Kiwanja je? Ardhi ya Usambara ni finyu na nyingi ni ya ukoo, kwa hiyo anayekuuzia anaweza kuwa mmoja tu kati ya warithi saba. Usilipe kwa maneno ya mtu mmoja. Tembea mipaka pamoja na majirani wa pande zote nne, uone nao wanasaini. Pitia serikali ya kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka, na upate nakala ya muhtasari wa kikao. Kama kuna nyumba ya familia, mke au mume wa muuzaji lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda. Mgogoro ukitokea, baraza la kata tangu mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha. Upatanishi ukishindikana, shauri huenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Yote haya ni ya nje. Kuna uhalifu ambao geti haliuzuii kwa sababu mwenye kuutenda ana ufunguo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepigwa au kuumizwa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 27. Kupungua huko ni habari njema, lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne, na hakuna sababu ya kudhani kwamba hewa safi ya mlimani inamponya mtu ngumi. Mwongozo wowote wa usalama unaozungumzia wezi na kulinyamazia hili umewaacha nje nusu ya wasomaji wake. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako unasikilizwa faraghani. Kwa watoto kuna namba 116, haina malipo. Ukimsikia jirani analia usiku, gonga mlango, omba chumvi, omba kiberiti, chochote cha kukatiza kipigo. Kisha mpigie mtendaji.

Ukipatwa na tukio, piga 112. Usiguse vilivyovunjwa, piga picha, waandike majina ya waliokuwepo. Kituoni hakikisha taarifa yako imeandikwa na umepewa namba ya RB, kwa sababu bila namba hiyo hakuna jalada, na bila jalada hakuna wa kumfuatilia. Aliyeumizwa huhitaji fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Aliyeumia vibaya akimbizwe hospitali kwanza, ndugu afuate fomu. Huduma za polisi hazilipiwi, na dhamana ni haki, haina bei. Ukiombwa "ya mafuta" au "ya karatasi", TAKUKURU wanapatikana kwa 113. Ndugu yako akikamatwa, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo dai usomewe shtaka na ulielewe. Wasiomudu wakili waulize msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Na mji huu una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambako makarani wa mahakama kutoka pande zote za nchi huja kusoma. Itakuwa aibu raia wachome mtu moto kilomita chache kutoka madarasa hayo.

Kwa maana siku moja utasikia yowe la "mwizi!" Watu watakimbia na mawe, wengine na tairi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hueleza vifo vya namna hiyo katika taarifa zake za kila mwaka, na wamo waliouawa wakiwa wamefananishwa tu. Raia anaruhusiwa kisheria kumkamata mtu anayefanya kosa mbele yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Basi fanya hivi: mwite mwenyekiti na polisi kata kwa simu huku ukienda, usiende peke yako, tafuta wazee wawili au kiongozi wa dini asimame kati. Mtu huyo afungwe mikono, aketishwe ndani ya ofisi ya kijiji, mlango ufungwe. Mwenye mali aandamane naye hadi kituoni usiku huohuo akiwa na mashahidi wake, aandikishe maelezo, na asiondoke bila namba ya RB.